Makomeo Kumi na Moja

Shangazi yangu hakuogopa choo kichafu. Alichoogopa ni choo kimya.

Kwa miaka kumi na tisa alisafisha vyoo vya umma nyuma ya ukumbi wa halmashauri, safu ya milango kumi na mmoja inayotazama ua. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua huohuo, karani wa vikao, nikiandika yanayosemwa na wakubwa. Hatua sitini tu zilitutenganisha, na kusema kweli nilizipiga kwa nadra. Mtu ukishavaa tai, harufu ya dawa ya kudekia inakukumbusha ulikotoka, na mimi nilikuwa na haraka ya kusahau. Shangazi mwenyewe aliniita Bwana Kalamu, mbele za watu, kwa sauti.

Siku alipoitwa kikaoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ajenda ya nne ilikuwa yake: mfanyakazi wa usafi amechukua bisibisi na kung'oa makomeo yote ya vyoo, mali ya umma, bila kibali. Ajenda ya tano ililetwa na diwani tuliyempa jina la Kufuli, maana kila tatizo lililofika mbele yake alitaka lifungwe. Safari hii alitaka vyoo vyenyewe vifungwe moja kwa moja, kwa kuwa vimegeuka maficho ya watumiaji wa unga wa kulevya. Mwaka ule walikuwa wameshafia humo watu wanne. Basi kilichokuwa mezani ni kazi ya shangazi pamoja na milango yake, na wa kuyaandika yote ni mimi.

Asubuhi shangazi alikuwa amemwomba msimamizi wa majengo ampe mtu wa kumshikia zamu. Msimamizi akamjibu kwamba vyoo haviibwi, aende tu.

Akaingia kikaoni na mabuti yake ya mpira, akakaa kiti cha nyuma. Ajenda tatu za kwanza zilijikokota kama kawaida yake. Mwenyekiti, mama mtaratibu asiyependa kelele, alipomwita na kumuuliza kama kweli aling'oa, alijibu kwamba aling'oa, na skrubu zake anazo, haijapotea hata moja. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama karatasi.

Akaeleza kazi yake. Mtu akiingia chooni, yeye anadeki varanda kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Akirudi pale alipoanzia, anagonga mlango kwa mpini wa fagio, na aliye ndani sharti ajibu, hata kama ni kwa kukohoa. Asipojibu, anafungua. Yule wa nne, alisema, alimfia huku yeye akihangaika kutafuta chuma cha kuvunjia komeo, mlango uko katikati yao, anausikia mkoromo wake ukipungua. Kesho yake akaja na bisibisi. Badala ya komeo akaweka kibao cha kugeuza, upande mmoja kuna mtu, upande wa pili hakuna mtu. Muuguzi wa zahanati akamfundisha kutumia dawa ya kupuliza puani, ile inayomrudisha mtu aliyezidisha unga au vidonge vya maumivu, na tangu hapo inakaa kwenye mfuko wa aproni.

Mwenyekiti akauliza imemsaidia nani. Shangazi akasema watu tisa, kwa miezi mitano, wote wametoka wazima.

Tisa! Nilifungua kumbukumbu za nyuma. Wale wanne waliokufa niliwaandika mmoja mmoja, na tarehe zao. Hao tisa waliorudi, hatua sitini kutoka kwenye meza yangu, sikuwa na habari nao. Wala hakuna aliyekuwa nazo.

Shangazi akatazama saa ya ukutani, akakatisha maneno.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa. Nimekaa humu dakika arobaini, na huko nje hakuna anayegonga."

Kufuli akamwamuru akae, hajaruhusiwa. Shangazi akatoka. Halmashauri nzima imekaa, na mdeki vyoo kaipa mgongo. Nikamfuata kitabu cha kumbukumbu kikiwa kwapani, na sitadanganya, nilimfuata ili nimrudishe kabla hajaniponza na mimi.

Akachukua fagio, akagonga milango iliyoonyesha kuna mtu. Wa tatu ulijibu. Wa saba haukujibu. Akausukuma kwa bega, na ndani, amekaa sakafuni, alikuwa fundi umeme wetu, yuleyule aliyetupimia vipaza sauti asubuhi. Mwaka juzi alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akapewa vidonge vya mgongo, na vidonge vikamng'ang'ania. Sisi tulidhani amepona. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu.

Nyuma yangu wakafika Mwenyekiti na Kufuli. Shangazi hakuangalia nani ni nani.

"Wewe baba mwenye suti, shika kichwa. Kidevu juu."

Kufuli akapiga magoti kwenye maji ya kudekia, akashika. Shangazi akapuliza dawa kwenye tundu moja la pua, akatandaza kitambaa chembamba mdomoni mwa fundi, akampa pumzi yake, akasubiri, akampa tena. Hakuna. Akapuliza ya pili. Mikono yake, ile niliyoionea aibu, ilijua kila inachofanya. Nimewaona mawaziri wakihutubia ukumbini kwetu, nikapiga makofi. Lakini sijawahi kusimama mbele ya mtu nikajiona mdogo kama nilivyojiona pale mlangoni na kitabu changu. Kisha kifua cha fundi kikapanda. Chenyewe.

Alipofumbua macho alitutukana wote, kuanzia mama zetu. Shangazi akamfuta mdomo, akamwambia sawa baba, tumesikia, akaniagiza nikaite gari la wagonjwa.

Kikao kiliendelea bila yeye. Alisema zamu yake haijaisha. Kufuli, magoti yakiwa bado yamelowa, aliziondoa ajenda zote mbili. Likapita azimio kwamba dawa ile iwekwe ukutani katika kila jengo la halmashauri, wafanyakazi wote wafundishwe, na aajiriwe mtu wa pili wa kugonga. Mwenyekiti akauliza, mpaka huyo apatikane, nani atampumzisha mama huyu? Watu wakaanza kuchunguza kalamu zao.

Karani hana sauti kikaoni. Ndiyo kanuni, niliichapa mwenyewe. Nikanyoosha mkono.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilikabidhiwa fagio. Shangazi akaenda kunywa chai, akiwa amekaa, kitu ambacho sikumbuki kukiona. Nikadeki varanda hadi mwisho, nikarudi, nikagonga mlango wa tano. Kimya. Nikagonga tena, mkono wa pili umeshashika kitasa.

Mtu akanitukana kutoka ndani, tusi zito, la mwili mzima. Sijawahi kupokea neno zuri kama lile.