Pima Maji na Uwanja wa Nyumba za Matairi

Hakuwahi kuweka kikombe mezani kabla hajaijulia hali meza yenyewe. Alichovya kidole kwenye maji, akadondosha tone moja juu ya mbao, akainama kulitazama linaelekea wapi. Likitulia, aliweka chai yake. Likikimbia, alikunja kipande cha karatasi, akakisukumiza chini ya mguu wa meza, akadondosha jingine. Alifanya hivyo nyumbani na alifanya hivyo mgahawani. Aliwahi kufanya hivyo hata kwa wakwe wa binti yake, enzi hizo binti alipokuwa na wakwe, mbele ya wanaume waliovaa suti, na binti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa fundi mwashi zaidi ya miaka ishirini, mpaka mgongo ulipomgomea. Watu wakampa jina la kile kifaa cha mafundi chenye kichupa cha maji na povu dogo ndani, linalosimama katikati kitu kikiwa sawa. Wakamwita Pima Maji. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki huko huko kwenye kitambulisho.

Mgongo ulipokataa matofali, alipata kazi kwenye maporomoko. Watu walikuja kutoka mbali kuyatazama maji yakiporomoka kutoka juu ya jabali, wakapiga picha, wakalowana, wakaondoka. Lakini walikuwepo wageni wa aina nyingine, waliokuja na magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Pale kazini yaliitwa nyumba za matairi. Wenye magari hayo walitaka mambo mawili: mahali pa kuyaacha mchana wakipanda njia ya maporomoko, na mahali pa kulala wasipotaka kuondoka. Kabla ya Pima Maji walilala kando ya barabara, matairi mawili kwenye lami na mawili mtaroni.

Uongozi wa wakati ule ulimkabidhi kiwanja kizima, kutoka ukuta wa ofisi hadi ukingo wa mto, pamoja na sepeto na toroli. Hakuna aliyempa ramani. Alizunguka wiki nzima na kopo la maji, akimwaga kidogo hapa na kidogo pale, akachutama kutazama. Kisha akaamua. Magari ya kushinda mchana akayapeleka chini, kando ya mto. Ya kulala akayaweka juu, karibu na ukuta, kwenye vitanda tisa vya kokoto alivyovitandaza kwa mkono wake na kuvisawazisha kimoja kimoja.

"Gari la kushinda linataka nafasi tu," alimweleza kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. "La kulala linataka usawa. Mtu akilala kichwa kimekuwa chini kuliko miguu, kesho anaamka anagombana na mkewe. Lawama anatupiwa nani? Mimi."

Ardhi ya juu ilikuwa na mabonde na mawe, kwa hiyo vile vitanda tisa havikukaa kwenye mstari. Kimoja kilitazama ukuta, kingine kilitazama choo, kingine kilisimama mshazari. Mama wa mgahawa alikuwa akitoka mlangoni na taulo begani, anaangua kicheko.

"Pima Maji! Magari yako yamekaa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza!"

"Yamepinda, mama, lakini yanatafuna. Wewe hangaika na chapati zako, ile ya asubuhi ilikuwa na pembe nne."

"Na uliimaliza!"

"Niliimaliza kwa huruma."

Binti yake alikuwa anayasikia yote hayo kutoka dirisha la tiketi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye kiti kile kile, akikata tiketi na kuwaonyesha wageni choo kiko wapi. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa baba, kwenye vyumba viwili nyuma ya stendi. Waliishi kwa utulivu wa watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake anaumwa wapi, na hapagusi.

Kisha akaja meneja mpya.

Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alisalimia kila mtu, alijifunza jina la Pima Maji siku ya kwanza na akalicheka vizuri, bila dharau. Alitaka wageni waweze kuchagua nafasi kwenye simu wakiwa bado kwao, na kwa ajili hiyo alihitaji kiwanja kiwe na namba. Akampa binti, dada wa tiketi kama wote walivyomwita, fomu, aeleze kila sehemu ya uwanja ilivyo, kwa kuwa ofisini yeye ndiye aliyekuwepo siku nyingi.

Binti aliijaza kwa makini, kwa kalamu na rula, jioni mbili mfululizo. Alipofika kwenye sehemu ya mto aliandika: *Tambarare kuliko zote. Haina mawe. Mandhari nzuri ya maji.* Kila neno lilikuwa la kweli. Tena aliyatoa mdomoni mwa baba yake mwenyewe, aliyezoea kusema kwamba pale chini ukiweka yai halibiringiki. Kitu kimoja tu hakikumjia akilini: kwa nini mtu aliyeupenda usawa kuliko chakula alipaacha mahali pale pa sawasawa, akaenda kuvunja mgongo wake kwenye mawe ya juu.

Baada ya wiki tatu ramani ilibandikwa ukutani. Nafasi kumi na sita za kulala, zote kando ya mto, kwenye mistari miwili iliyonyooka kama ya daftari. Magari ya mchana juu.

Pima Maji alivaa miwani, akaisoma. Akaivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akaisoma tena.

"Nani kasema pale chini ni tambarare?"

"Imo kwenye fomu, mzee," alisema meneja. "Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tuko pamoja."

"Hatuko pamoja. Sepeto yangu haijawahi kusawazisha pale. Nilipakuta vile vile. Sasa wewe jiulize, bwana meneja, ni fundi gani aliyepasawazisha."

Meneja akatabasamu akisubiri. "Nani?"

"Mto."

Binti, nyuma ya kioo cha dirisha, aliacha kukata tiketi. Mgeni aliyekuwa mbele yake aligonga kioo mara mbili.

"Mto umetoka kwenye kingo zake lini mara ya mwisho?" meneja aliuliza, na aliuliza kwa nia njema, kalamu mkononi.

"Sijawahi kuuona ukitoka."

"Uko hapa miaka kumi na sita, mzee wangu."

"Kumi na sita, na sijauona. Lakini niliwahi kuchimba pale shimo la nguzo ya bango. Mchanga laini, chini yake changarawe, chini yake mchanga tena. Na humo ndani kipande cha sufuria na kandambili moja. Ile kandambili haikuja yenyewe kujizika. Kule juu mlimani mvua inanyesha wakati sisi huku tunaanika nguo. Maji hayapigi hodi. Wa mchana yuko macho, anawasha gari anaondoka. Aliyelala je?"

Meneja aliandika yote, hata kandambili. Akayapeleka makao makuu. Wakaja wataalamu wawili mwezi wa kiangazi, wakati mto umekonda hadi mtu anauvuka bila kulowesha soksi, wakapima, wakala chapati, wakaondoka. Jibu lililorudi lilisema hakuna kumbukumbu ya mafuriko, na nafasi zimeshachukuliwa msimu mzima. Meneja aliisoma barua ile mbele ya Pima Maji kwa sauti ya chini, akakunja mikono. Alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake, na mwisho huo ulikuwa karibu kuliko alivyodhani.

Nyumbani, binti aliweka chai mezani akabaki amesimama.

"Baba, ile fomu niliijaza mimi."

"Nilijua. Nani mwingine pale anapiga mstari kwa rula?"

"Ningekuuliza tu. Neno moja."

"Na mimi ningekwambia. Miaka yote nakwambia ni tambarare, sikukwambia kwa nini." Alidondosha tone lake, akalitazama. "Uliandika kweli tupu, mama. Hapo ndipo penye tabu. Ungeandika uongo tungeufuta."

Siku mtambo ulipokuja kuvisambaza vile vitanda tisa vya kokoto, alisimama pembeni ameshika kofia. Kazi ya miezi minane iliisha kabla ya saa sita mchana. Dereva wa mtambo, kijana mwenye adabu, aliteremka akamwomba radhi. Pima Maji akamwambia kisu cha mtambo wake kimeinama kushoto, akitengeneze.

Baada ya hapo kazi yake ilikuwa kufungua geti na kuonyesha namba. Angeweza kufanya hivyo na kunyamaza. Alijaribu. Lakini alasiri moja mlima ulivaa nguo nyeusi, na yeye akaenda kugonga mlango wa kila nyumba ya matairi, kofia mkononi, akiwaomba wapande juu. Wengi wakapanda, kwa jinsi mzee alivyoomba. Mto haukuja. Wiki mbili baadaye akagonga tena. Safari hii mto ulijaa, ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ukafika kwenye jiwe la kwanza la ukingo, ukalilamba, ukarudi. Asubuhi wageni walitazama ukingo mkavu, kisha wakamtazama yeye.

Mume na mke wastaafu waliandika malalamiko, kwa upole sana. Walisema mzee ni mtu mwema, ila amewatia hofu wakakosa usingizi waliosafiri kuutafuta. Barua ya kuwaomba radhi iliandikwa na dada wa tiketi, kwa sababu barua zote aliziandika yeye. Alipofika kwenye maneno *hofu isiyo na msingi* alikwenda chooni akanawa uso, akarudi, akaendelea.

"Mzee wangu," meneja alisema, "nakuomba upumzike sasa." Macho yake yalikuwa mekundu. Pima Maji alimpa funguo za geti, akamwonyesha ule unaokwama, kwamba unauinua kidogo ndipo unauzungusha.

Mama wa mgahawa alimfungia chapati nne kwenye gazeti. "Za mviringo," alisema.

Mtu aliyezoea kusimama juani siku nzima akikalishwa ndani, mwili unaanza kujitafutia shughuli. Ulianza mgongo, zikafuata figo, na kabla mvua za pili hazijaanza alikuwa amelazwa. Binti alikwenda kila alasiri akitoka kazini. Baba alikuwa na maswali mawili tu.

"Wangapi leo chini?"

"Kumi na wanne."

"Mlimani?"

Alijifunza kujibu la pili akitazama pembeni. Alishamfuata meneja mara tatu. Meneja alishaandika makao makuu mara mbili. Binti alibandika tangazo dogo getini, kwamba mvua ikinyesha mlimani wageni wapande juu, nalo likabanduliwa siku ya pili kwa sababu linatisha watu. Alifikiria kuwaambia wageni mfumo wa kuchagua nafasi umeharibika, awapeleke juu, kisha akafikiria siku ya pili, na ya tatu. Kila jioni aliketi dirishani akizitazama zile nyumba zikishuka moja moja kwenda kwenye namba zake: mapazia yenye maua, baiskeli mgongoni, mtoto amekandamiza pua kwenye kioo. Aliwapungia mkono.

Mto haujatoka mpaka leo. Huenda usitoke wakati wa uhai wake, kama ambavyo haukutoka mbele ya macho ya baba yake. Hilo lingepaswa kumpa nafuu, lakini mvua ikianza yeye huhesabu nyumba. Na wageni wa kulala humshangaa kidogo dada wa tiketi, kwa kuwa akishawapa namba huwaomba jambo moja dogo kuhusu namna ya kuegesha. Wengine hulifanya. Wengine huitikia tu, kisha wanaegesha wakitazama maji, maana ndiyo waliyoyafuata. Wakimuuliza sababu, huwaambia ndiyo kawaida ya hapa.

Si kawaida ya hapa. Jambo hilo alilipokea wodini, alasiri iliyogeuka kuwa ya mwisho, ingawa haikuwa na alama yoyote ya kuwa hivyo. Muuguzi alikuwa ameleta uji na kikombe cha maji kwenye kile kimeza cha magurudumu. Baba alichovya kidole, tone likaanguka, likakimbia upande wa binti. Binti alitoa kishina cha tiketi mkobani, akakikunja, akakisukumiza chini ya gurudumu. Tone la pili lilisimama. Ndipo baba akakubali kikombe kiwekwe.

"Wangapi leo?"

"Wamejaa, baba. Kumi na sita."

"Mlimani?"

"Kumetanda mawingu." Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo. "Siwezi kuwahamisha. Nimesema, nimeandika, nimebandika. Hawanisikii, na wanaonisikia hawana uwezo. Nakaa pale nawakatia tiketi. Mimi ndiye ninayewapeleka pale, baba, kwa mkono wangu."

Baba aliliinamia lile tone. Binti alidhani amesinzia, akaanza kukusanya vyombo.

"Usiwahamishe, basi," baba alisema. "Waambie wageuze tu, pua za magari zitazame barabarani, mtu akishtuka usiku awashe aondoke. Hilo halihitaji kibali cha meneja."