Nane Nne za Mbumbuni: Fundi Ndinda Azima Kamari Kituoni

Saa mbili asubuhi, wenye maduka ya Mbumbuni bado wanafagia mbele ya milango yao. Ndinda Mwau amepiga magoti sakafuni katika kituo cha kompyuta kiitwacho Kavuthu. Kando yake kuna kiondo. Wengine hubebea ndengu ndani ya kiondo kama hicho. Yeye hubebea koleo, waya na laptopu iliyopasuka pembeni.

Anaandika amri fupi kwenye kompyuta ya kwanza, anasoma jibu, anahamia ya pili. Anasoma tena. Kisha anacheka peke yake, kicheko cha mtu ambaye hajalala vizuri tangu Jumatano.

"Nane nne," anasema. "Aki hii nane nne itaniua."

Saa sita mchana kamati ya kituo itaketi humu humu. Jambo la kuamua ni moja tu: intaneti ibaki au ikatwe.

Ndinda, mwenye miaka 36, ni fundi wa mitandao. Alizaliwa Migwani, kaunti ya Kitui, akaolewa Tawa huku Makueni, na pikipiki yake inazijua barabara za pande zote mbili. Alianza na umeme wa nyumba. Mambo ya mtandao alijifunza kwa kufungua vifaa vilivyokufa na kuvifufua, kimoja baada ya kingine. Mwezi mzuri hubaki na shilingi elfu thelathini hivi. Mwezi mbaya, anasema, "bwana yangu ndiye ananinunulia hata mafuta ya pikipiki, na haniachi nisahau."

Kituo hiki kilijengwa kwa mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba. Akina mama wa kanisa walibeba mchanga na maji. Wafanyabiashara wa mifugo wenye asili ya kaskazini mashariki walileta mabati. Wote walikubaliana sharti moja: vijana wasije kubeti humu ndani.

"Kwa msikiti ni haramu, kwa kanisa ni dhambi," anasema Hared Abdisamad, mfanyabiashara wa mbuzi na mweka hazina wa kituo. "Hapo hatuna ugomvi kabisa. Ugomvi wetu ni bei ya mbuzi."

Ndinda ndiye aliyepewa kazi ya kuhakikisha sharti hilo. Aliweka firewall, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya kompyuta za kituo na dunia ya nje, kikichuja kinachopita.

"Kompyuta haijui tovuti kwa jina, inajua namba," anaeleza huku akipangusa vumbi magotini. "Ukiandika jina, kwanza inauliza: huyu anakaa wapi? Huko kuuliza ndiko tunaita DNS. Mimi nimemwambia firewall, ukiulizwa nyumba ya kamari, sema haiko."

Maneno matamu. Lakini Jumatano mwenyekiti, Mzee Jonah Mutisya, fundi cherehani mstaafu, aliketi mbele ya kompyuta moja, kamati nzima ikiwa nyuma yake. Akaandika jina la tovuti ya kamari, herufi moja moja. Ikafunguka, na rangi zake zote na mpira ukizunguka.

"Ndinda, mwiitu wakwa," alisema, kama baba anavyomwita binti yake. "Si uliniambia hii umefunga?"

"Nimefunga, mzee."

"Basi umefunga na pazia."

Watu walicheka. Ndinda hakucheka. Kamati ikampa hadi leo, Jumamosi. Akishindwa, waya wa intaneti ukatwe na kompyuta zibaki za kuandikia barua tu.

Aliyeumia zaidi na uamuzi huo hakuwa kwenye kamati. Arbaco Mahad, ambaye wazazi wake wana hoteli pale sokoni, anasomea diploma ya kumbukumbu za afya kupitia mtandao. Mtihani wake wa mwisho ni Jumatatu. Nyumbani kwao simu hushika ukipanda juu ya tangi la maji.

"Wakikata, narudi nyuma mwaka mzima," anasema Arbaco. "Sasa nitafanya mtihani nikiwa juu ya tangi?"

Kwa siku mbili Ndinda alitafuta mahali pasipo na kosa. Alikagua orodha ya tovuti zilizofungwa, akaiandika upya, akaizima firewall na kuiwasha. Kwenye laptopu yake tovuti za kamari zilikataa kabisa. Kwenye kompyuta za kituo zilifunguka kama kawaida.

"Nilikuwa namlaumu mlinzi," anasema. "Kumbe mlinzi yuko macho, ila hakuna mtu anapita kwake."

Ndiyo maana asubuhi hii ameacha firewall na kuzigeukia kompyuta zenyewe. Anaiuliza kila moja swali moja: wewe ukitaka namba ya tovuti, unamwuliza nani? Zilipaswa kujibu kwamba zinaiuliza firewall. Badala yake zote zinataja anwani moja ya nje, ambayo ni nane, nane, nane, nane. Ni huduma iliyo wazi kwa dunia nzima, na haijui lolote kuhusu sharti la Mbumbuni.

Mtu wa mbali angeshangaa. Mtu wa masoko haya hashangai. Miaka ile mtandao ulipokuwa ukisuasua, kuna aliyegundua kwamba ukiandika hizo nane nne, kurasa hufunguka haraka. Habari ikaenda kwa mdomo kama habari ya mti wa kutibu tumbo. Simu ikigoma, weka nane nne. Laptopu ikizubaa, nane nne. Kuna waliojaribu kuziweka hata kwenye printa iliyoishiwa wino.

Ndinda anampigia simu Mzee Jonah. Mzee anafika upesi, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni.

"Mzee, hizi kompyuta zilipoletwa, nani aliziwasha mara ya kwanza?"

"Ni mimi. Nani mwingine alikuwa na wakati?"

"Na ukaweka nini?"

"Dawa!" anasema kwa fahari. "Nane nne, zote. Nilifundishwa Tawa. Kwani nimekosea?"

"Hujakosea, mzee. Ila ulitoboa ukuta, halafu ukaniita mbele za watu nije nione shimo."

Arbaco, aliyefika mapema kusoma kwenye kompyuta ya dirishani, anaficha mdomo kwa mtandio. Mzee Jonah anamtazama Ndinda, anazitazama kompyuta, kisha anacheka mpaka anashika meza.

Kuzifuta nane nne kwa mkono ni kazi rahisi, lakini Ndinda hataki njia hiyo. Anajua kesho mtandao ukichelewa kidogo, mtu atazirudisha. Anaingia kwenye firewall na kuandika kanuni mpya: swali lolote la DNS linalojaribu kutoka nje, hata likimwelekea nani, lirudishwe ndani lijibiwe na firewall yenyewe.

"Sasa uliza nane nne, uliza hata serikali," anasema. "Anayekujibu ni mimi."

Anajaribu kompyuta moja. Imekataa. Ya pili imekataa. Zote zinakataa, isipokuwa ile ya dirishani ambayo Arbaco huitumia. Hiyo inafungua kamari bila aibu.

"Haya, tumempata," anasema Mzee Jonah. "Arbaco anabeti."

"Mzee! Mimi? Nikuitie baba sasa hivi?"

"Wacha kumwita baba yako, nilikuwa natania."

Ndinda hawasikii. Saa tano imepita. Anakagua kivinjari cha kompyuta hiyo, yaani programu ya kufungulia tovuti, na kukuta ni kipya kuliko vingine. Vivinjari vya namna hii vinaweza kuuliza maswali yao kwa siri, yakiwa yamefungwa pamoja na mawasiliano ya kawaida, hivi kwamba firewall haioni kama ni swali. Anauzima mpangilio huo. Kisha anaifundisha firewall kuwakataa wanaojibu maswali hayo ya siri, ili mwingine asije akauwasha tena. Anafunga kivinjari na kukifungua upya ili kisahau majibu ya zamani.

Anaandika jina. Wote watatu wanakikodolea macho kioo.

Tovuti hii imefungwa.

"Sasa fungua chuo changu," Arbaco ananong'ona. Kinafunguka mara moja, na ukurasa wa mtihani upo.

Saa sita kamati inaingia. Hared anajaribu kwa simu yake mwenyewe kupitia mtandao wa kituo. Anajaribu tovuti tatu. Anatikisa kichwa: zote zimefungwa. Mzee Jonah anasimama, anaandika nane nne kwenye simu yake kila mtu akiona, kisha jina la tovuti ile ya kamari, na kubonyeza.

"Imekataa!" anapaza sauti. "Jamani, hata dawa imekataa!"

Vigelegele vya akina mama vinatoka hadi sokoni. Vinapotulia, Nthenya, mwakilishi wa akina mama, anainua mkono. "Na yule kijana atakayetumia bando la simu yake mwenyewe?"

"Huyo yuko nje ya ukuta wangu, mama," anajibu Ndinda. "Huyo ni wako wa kumshika sikio."

Mikono inainuliwa. Intaneti inabaki. Tena kituo kitafunguliwa hata jioni, kwa wanaotoka shambani.

Jumatatu Ndinda atakuwa hapa kuanzia asubuhi, mtandao usije ukamchezea Arbaco katikati ya mtihani. Baada ya hapo anataka kuzungukia shule za Tawa na za kwao Migwani, na siku moja afungue karakana yake Migwani awafundishe wasichana kazi hii.

"Watu wanadhani ni kazi ya Nairobi," anasema akifunga kiondo kwenye pikipiki. "Mimi nataka msichana wa Migwani aifanye, na alale kwao."

Mzee Jonah amemfuata hadi nje.

"Ukienda Tawa, nichukue," anasema.

"Ya nini, mzee?"

"Zahanati. Duka la mbegu. Ofisi ya kanisa. Hata kule Migwani kwa shemeji yangu." Anakuna shingo chini ya utepe. "Wewe unajua kuziba. Mimi ndiye ninajua nimeziweka wapi."

Ndinda anafungua helmeti ya pili iliyofungwa nyuma ya kiti na kumkabidhi.

"Jumanne asubuhi," anasema. "Na usichelewe, mzee. Inaonekana tuna wagonjwa wengi."