Mwende Hakuwa Mbuzi wa Sokoni

Siku ile ya mbio pale Tawa bado naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, juzi tu, cheti kikubwa kama mlango, basi nikachaguliwa kuwa mama mlezi wa wakimbiaji wetu wa kike.

Tulikuwa na Mwende, miaka ishirini na mmoja, sauti nzito, mabega ya kubeba gunia la pojo. Akikimbia, kivuli chake kilifika kesho yake! Asubuhi alishinda mchujo. Kabla ya fainali, wapinzani wetu wa Kanyangi wakapiga kelele: "Huyo ni mwanamume! Apimwe!"

Nami, badala ya kumtetea, nikamshika mkono hadi zahanati. Huku kwetu mbuzi hanunuliwi kabla ya kufunuliwa mdomo na kupapaswa mbavu, na mimi, na cheti changu chote, sikuona tofauti.

Muuguzi alikuwa mama mzee, Kalondu, sote tukimwita Susu kama nyanya yetu. Alimtazama Mwende.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, Susu. Nimeletwa."

"Umekubali kupimwa?"

"Sijaulizwa."

Susu akaweka kalamu chini, akanigeukia. "Na wewe je? Mikono ya mchimba mawe, kicheko cha tingatinga. Vua nguo tuhakikishe."

"Asi! Mimi?" Nilishtuka hata cheti kikaniponyoka kwapani.

"Na yule mvulana wenu ninayesikia asubuhi aliwaacha wenzake nusu uwanja, mbona hamkumleta?"

Nikaokota cheti changu, tukatoka.

Tuliporudi mbio uwanjani, fainali ilikuwa imekimbiwa bila yeye. Mwende akavua viatu, akavifunga pamoja kwa kamba zake. "Mama," akaniambia polepole, "wale wa Kanyangi hawanijui. Wewe unanijua." Akaenda zake, hakugeuka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Siku hiyo kilikuwa mimi.

Basi sikia, mwanangu. Kabla hujaugusa mwili wa mtu, awe mgonjwa au mkimbiaji, muulize. Akikataa, simama hapo hapo. Na ukiona mwanamke ana nguvu, mpigie makofi, usimtafutie kasoro ambayo ndugu yake hatafutiwi.

Mungu akupe miguu ya Mwende. Na siku watu watakapompigia mwenzako kelele, akupe ulimi wa Susu Kalondu.