Mawese Kwenye Gari la Kuuza

Lori lilipotugongea gari kwenye barabara ya Kigwena, gari liliumia ubavu wa kushoto, na mume wangu aliyekuwa akiliendesha akavunjika mguu wa kushoto. Daktari wa Bujumbura alisema mguu utiwe chuma, la sivyo hautambeba tena. Kitu cha kuuza tulikuwa nacho kimoja tu, hilo hilo gari bovu.

Mnunuzi wa kwanza, mtu wa vyuma chakavu, alilizunguka mara moja akataja bei ya kulipima kwa kilo. Nilimkodolea macho mpaka akaondoka.

"Musilitengeneze," mume wangu alituambia kutoka mkekani. "Musipake rangi. Mutu akiona umeficha kitu kimoja, atazani umeficha vyote. Moteri iko muzima."

Mimi nilisikia: injini ijiuze yenyewe. Mama mkwe wangu alisikia nusu. Aliishi ukimbizini Kigoma miaka mingi, na kwa usafi hana mchezo. Siku ya mnunuzi wa pili nilikwenda sokoni, na niliporudi gari lilikuwa linang'aa kama chapati. Rangi hakupaka, kweli. Alipaka mafuta ya mawese, kuanzia milango mpaka chini ya boneti, na jua lilikuwa limeshaanza kuyayeyusha.

"Si linapendeza, mwanangu?"

Nilitaka kulia, nilitaka kumfokea. Mnunuzi naye akaingia hapo hapo. Alikuwa mzee wa Kigwena mwenye kinu cha kukamulia mawese, anatafuta moteri ya kukiendesha. Aliinama, akaona matone mekundu mchangani.

"Amahoro, mama. Hii moteri iko navuja."

Niliona mguu wa mume wangu ndiyo basi tena.

Mzee akachovya kidole, akanusa, akalamba. Alimtazama mama mkwe aliyeshika kitambaa, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Hii ni mawese! Tena muzuri. Nani amepika gari?"

"Mimi," mama mkwe akajibu, bila haya.

Mzee aliomba moteri iwashwe. Ilikubali mara moja, na mume wangu akainua kichwa mkekani. Mzee aliisikiliza muda mrefu, kisha akainunua moteri peke yake, kwa bei iliyozidi ile ya gari zima kwa kilo. Milango na viti walichukua mafundi wa mjini baadaye, na mguu ukatiwa chuma. Mama mkwe alimshukuru mzee, murakoze, akamfungia na chupa ya mawese, yeye mwenye kinu!

Mwezi uliopita tulipita Kigwena, mume wangu akitembelea mkongojo. Kinu kilikuwa kinanguruma. Akasimama.

"Ni yangu," alisema. "Iko nakohoa kidogo, lakini ni yangu."

Machozi yalimtoka. Nilitaka kumshika mkono, nikaona hauhitaji. Mkongojo alikuwa ameuegemeza kwenye ukuta wa kinu, na alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili.