Marehemu Niliowafuta

Wallahi, najicheka huku machozi yanitoka. Nilijitapa msikitini kwetu Jomvu Kuu kwamba kuhamisha majina ya marehemu hadi kompyuta mpya ni kazi ndogo kwangu. Mengine yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kompyuta mpya haikuzitambua, ikaonyesha alama za kuuliza tupu. Badala ya kurekebisha mpangilio wa herufi, mimi bingwa nikadhani ni takataka, nikazifuta. Na kompyuta kuukuu nikaifuta kila kitu, isibaki hata nakala.

Jana, kwenye hitima ya kila mwaka, imamu alisoma majina kwenye karatasi niliyomchapishia, tukawaombea marehemu dua. Alipomaliza, Bi Mwanaisha, aliyetupikia mahamri tangu alfajiri, akauliza taratibu kutoka nyuma ya pazia la wanawake:

"Na mwanangu Omari, je? Kila mwaka jina lake husomwa."

Imamu akaigeuza karatasi, kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, wengine wako wapi?"