Boriti Chini ya Chumba cha Baba

Baba alipostaafu kazi ya reli alinunua nyumba ya ghorofa katika mtaa wa Section 58, nyumba kuukuu iliyojengwa kabla sijazaliwa. Mama alifia humo, katika chumba cha juu, na tangu hapo Baba hakukubali kulala kwingine. Dada yangu na watoto wake waliishi chini.

Mimi ni mhandisi wa majengo. Mvua zilipozidi, dada alinipigia simu nikaangalie ufa sebuleni. Niliukuta kwenye boriti ya zege inayobeba chumba cha Baba. Ulianzia karibu na nguzo, ukapanda kwa mshazari. Ufa wa namna hiyo ndio ninaouogopa, kwa sababu boriti huweza kukatika ghafla. Nikamwita fundi atoboe kidogo tuone vyuma. Vilikuwa laini, vya mviringo, visivyong'ang'ania zege. Vya chini vilikomea ukingoni mwa nguzo badala ya kuingia ndani yake. Na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa vile virefu, ambazo karibu na nguzo zinatakiwa kubanana, zilikuwa zimeachana kiasi cha kupitisha kichwa. Zamani wengi walijenga hivyo.

Tuliitegemeza boriti kwa magogo, nikapanda juu kumwambia Baba ahame.

"Mama," aliniita, kwa kuwa nina jina la mamake, "hii nyumba imenibeba miaka yote. Leo imekosa nini?"

"Si leo, Baba. Ilijengwa hivyo."

"Basi niache nifie penye mama yenu alifia."

Nilimwambia wajukuu wake hucheza chini ya boriti ile. Akaomba koti lake.

Nilimpeleka kwangu, dada akapanga kwingine. Nia yangu ilikuwa kuvisha boriti vyuma vipya na zege jipya. Lakini kila boriti tuliyoifungua ilikuwa kama ile, nyingine mbaya zaidi: vyuma vimeliwa na kutu, zege linamomonyoka kwa kidole. Hapakuwa na kitu kizima cha kushikiza kipya. Tukaibomoa nyumba yote.

Baba hakuambiwa. Kila asubuhi aliuliza mafundi wamefika wapi, nami nikamjibu kwamba wanaendelea. Baadaye akaacha kuuliza, nadhani alishajua. Akaacha pia chai, kisha chakula. Daktari alisema ni moyo. Tulimzika huku mvua zingali zinanyesha.

Matangani watu walinishika mkono wakasema niliokoa watoto. Ni kweli, wako hai, na nikiwaona namshukuru Mungu. Lakini nilimtoa Baba mahali pekee alipotaka kuwa, na hakuna hesabu niliyosomea inayonionyesha ningefanya nini kingine.

Kiwanja kimeota nyasi. Dada huniuliza tutajenga lini. Nakaa mezani kuchora, nachora nguzo, na nikifika kwenye boriti mkono unakataa.