Jembe Haliendi Hivyo

Serafina, fundi cherehani wa Nyahanga mjini Kahama, aliijua bendi ya Nyuzi Saba kupitia flashi aliyoachiwa na mteja. Ilikuwa na albamu tatu za roki iliyochanganywa na nyimbo za Kisukuma. Alizisikiliza kwa mpangilio huku akishona. Ya kwanza aliiona kelele tupu, magita yamemeza sauti. Ya pili ilimshika. Kwenye ya tatu akakuta wimbo wa kulimia aliokuwa akiuimba shambani na mama yake, na hapo akasimamisha cherehani.

Bendi ilipokuja Kahama, alikwenda mchana walipokuwa wakijaribu vyombo, akamfuata mwimbaji wao, kijana aitwaye Boaz.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ule wimbo wa jembe mnaukimbiza. Anayelima kwa mwendo ule hamalizi hata tuta moja."

Boaz alicheka, lakini alipoona mama hacheki, akauliza, "Kwani unaendaje?"

Serafina akauimba huku akipiga mguu chini. Mpiga ngoma akamfuata, gita la besi likaingia taratibu, na safari hii kila neno likasikika.

"Jioni utapanda jukwaani na sisi?" Boaz akauliza.

"Nitapanda," akasema Serafina, "ila kwanza nikamalizie gauni la mteja."